Polisi Asiyekufa: Jackie Chan Ndani ya The Medallion

The Medallion ni filamu ya mwaka 2003 iliyochanganya upelelezi wa polisi, kareti, uchawi na vichekesho katika chungu kimoja. Mwongozaji wake ni Gordon Chan wa Hong Kong. Stelingi ni Jackie Chan, akicheza kama Eddie Yang, polisi wa Hong Kong anayemsaka mhalifu aitwaye Snakehead. Mhalifu huyo naye anamwinda Jai, mtoto mdogo anayetunza kidani chenye uwezo wa kumfufua mtu na kumpa nguvu zinazopita za binadamu. Msako unaanzia Hong Kong, unahamia Dublin, Ireland. Huko Eddie anashirikiana na maofisa wawili wa Interpol: Arthur Watson, ambaye ni mchekeshaji wa Uingereza Lee Evans, na Nicole James, ambaye ni Claire Forlani.

Hadithi inageuka pale Eddie na Jai wanapofungiwa ndani ya kontena likatumbukia majini. Mtoto anaokoka, Eddie anakufa maji. Jai anatumia kidani, na Watson aliyekwenda chumba cha maiti kumlilia mwenzake anamkuta mzima. Tangu hapo Eddie anaruka juu kuliko mtu yeyote, na silaha hazimwui.

Watazamaji nao wanagawanyika papo hapo. Mtoto anayetazama pamoja na wazazi wake anafurahia: polisi anapaa, anakimbia kama upepo, na wabaya wanatupwa huku na huko. Aliyemfuatilia Jackie Chan kwa miaka mingi ananyong'onyea, na ana haki. Jina la mwigizaji huyu lilijengwa juu ya mwili unaoumia. Katika Project A ya mwaka 1983 anaanguka kutoka mnara wa saa, akipasua maturubai ya kuzuia jua kabla ya kugonga ardhi. Katika Police Story ya mwaka 1985 anaserereka kwenye nguzo ndefu ndani ya jengo la maduka, taa zilizozungushiwa nguzo hiyo zikipasuka mikononi mwake; viganja vyake viliungua kweli. Hata vichekesho vyake vinatoka kwenye maumivu: anampiga adui ngumi ya uso, kisha anakung'uta mkono huku amekunja uso, kwa sababu kichwa cha adui ni kigumu. Mtu asiyeumia hana sababu ya kukung'uta mkono.

Wazoefu wa vibanda vya video wa Afrika Mashariki wanajua kwamba stelingi hafi. Lakini utamu wa picha uko katika kusahau jambo hilo kwa saa moja na nusu. The Medallion inaliweka wazi, na wasiwasi unaondoka. Mapigano yalipangwa na Sammo Hung, aliyesoma na Jackie Chan shule moja ya opera ya Kichina utotoni, na mkono wake unaonekana vizuri katika mbio za miguu mjini Dublin, kabla Eddie hajafa. Baada ya hapo, waya na kompyuta vinafanya sehemu kubwa ya kazi.

Evans naye anagawa watu. Watson wake anapayuka na kuhangaika kila anapotokea. Wapo wanaocheka hadi machozi na wapo wanaochoka mapema. Filamu iligharimu takriban dola milioni 41, na mapato ya majumba ya sinema hayakufikia kiasi hicho.

Kosa halikuwa kuingiza uchawi. Hong Kong ilikuwa imeshafanya hivyo kwa mafanikio makubwa. Katika Mr. Vampire ya mwaka 1985, wafu wanaoruka-ruka wanawatambua walio hai kwa pumzi zao; anayetaka kupona sharti azuie pumzi, na karatasi ya manjano yenye maandishi ya kiganga hubandikwa kwenye paji la uso wa mfu ili atulie. Mchele wa kunata huvuta sumu ya wafu hao mwilini, lakini muuza duka anauchanganya mchele huo na wa kawaida, na tiba inaharibika. Lam Ching-ying, aliyecheza mganga katika filamu hiyo, alirudi mwaka 1990 katika Magic Cop akiwa polisi wa kizamani kutoka kisiwani, anayepambana na mchawi anayetumia maiti kusafirisha dawa za kulevya. Uganga wake una masharti, na sharti likivunjwa mtu anadhurika. Hofu na kicheko vinatoka hapo.

The Medallion nayo inalifikia sharti, ila imechelewa. Snakehead anafanikiwa kukitumia kidani, na wawili wasioweza kufa wanatwangana bila mmoja kumwangusha mwenzake. Ndipo inapobainika kwamba kilichotoa uhai kinaweza pia kuuchukua, na pambano linapata tena cha kupoteza. Zimebaki dakika chache picha iishe.