Mwiba Mmoja, Pancha Mbili

Hapa Kalemng'orok, kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, tukikutana na baiskeli zetu mazungumzo ni njia na miiba. Mathenge, mti uliopandwa Turkana miaka ya 1980, hutoboa tairi mara moja. Tunaziba tyubu, tunapanda, na mbele kidogo upepo umekwisha tena. Kwa nini? Mwiba bado umo ndani ya tairi!

Basi, kabla ya kurudisha tyubu, pitisheni kitambaa polepole ndani ya tairi lote. Kikikwama, mwiba uko hapo, ung'oeni. Maji tuyahifadhi: tundu hutafutwa kwa mate. Mnyororo nao usilowe mafuta, utashika mchanga.

Baiskeli ya kikundi ikilala, mgonjwa atafikaje zahanati?