Ukuta Ukipasuka, Mtaalamu Aulizwe Nini?



Wengi wetu tunaofanya kazi katika viwanda vya Mbarara na katika mashamba tuna kazi nyingine ya mikono: uashi, useremala, au kusaidia fundi siku za mapumziko. Wenzetu wa Nakivale ndio hasa. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958, yakapokea wakimbizi wa Rwanda, na baadaye wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Huko mtu hujijengea nyumba yake mwenyewe, na ujuzi huo huja nao mjini kutafuta riziki.

Lakini kazi ya ujenzi ina ugomvi wake. Tuchukue mfano. Fundi amejenga nyumba ya vyumba vinne mjini Mbarara, naye amelipwa theluthi mbili ya fedha zake. Mvua za kwanza zinanyesha, ukuta wa nyuma unapasuka. Mwenye nyumba anasema: "Wewe umeiba simenti. Sikulipi." Fundi anajibu: "Nilikuambia msingi uende chini zaidi, ukakataa." Maneno hayo mawili hayana shahidi. Theluthi iliyobaki ndiyo karo ya watoto na posho ya vibarua watatu.

Hapo ndipo neno la mtaalamu huhitajika. Na hapo ndipo wenzetu wengi hushindwa, si kwa kukosa haki, bali kwa kutojua namna ya kumtumia mtaalamu huyo.

SHAHIDI MTAALAMU NI NANI?

Shahidi wa kawaida hueleza aliyoyaona na kuyasikia. Haulizwi maoni yake. Sheria ya Ushahidi ya Uganda, iliyoanza mwaka 1909, imefungua mlango mmoja: pakiwa na jambo la sayansi au la ufundi, mahakama yaweza kusikiliza maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu wa jambo hilo.

Tuangalie neno hilo: ujuzi maalumu. Sheria haikusema lazima awe na digrii. Fundi mzee aliyejenga miaka thelathini aweza kusikilizwa juu ya kazi ya matofali. Lakini penye hesabu za zege na nondo, neno la injinia aliyesajiliwa huwa na uzito zaidi. Bodi ya kusajili mainjinia iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1969. Basi kabla ya kumlipa mtu, ulizeni kama jina lake limo katika daftari.

Mtaalamu huyo si wakili wako, hata kama wewe ndiwe uliyemlipa. Wajibu wake ni kuisaidia mahakama. Akisema ya kukupendeza tu, upande wa pili utamuuliza maswali mawili na ripoti yote itaanguka.

RIPOTI NZURI INA NINI?

Kwanza, ieleze yeye ni nani, ametumwa na nani, na amepewa karatasi gani.

Pili, ieleze ameulizwa swali gani. "Thibitisha kuwa fundi ni mwizi" si swali la kitaalamu. "Ufa huu umetokana na nini?" ndilo swali.

Tatu, ieleze alichokiona na kukipima, na tarehe. Nyufa zina lugha yake. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kwenye plasta, mara nyingi hutokana na plasta kukauka upesi. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali mara nyingi huonyesha kuwa msingi umetitia upande mmoja. Kwa zege, mtaalamu aweza kukata kipande na kukiponda kwa mashine katika maabara apate nguvu yake. Desturi ni kuihesabu nguvu ya zege katika siku ya 28 tangu limwagwe.

Nne, itaje sababu nyingine pia. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba Bukoba na kusikika mpaka upande wetu wa Uganda. Nyumba iliyosimama tangu wakati huo huenda ilipasuka siku ile. Mtaalamu asiyeuliza jambo kama hilo hajamaliza kazi yake.

Tano, iseme mwisho wa ujuzi wake. Zege laweza kuwa hafifu kwa kuwa simenti ilipunguzwa, au kwa kuwa maji yalizidi, au kwa kuwa halikumwagiliwa maji siku za mwanzo. Mashine itasema zege ni hafifu. Mashine haitasema nani kaiba. Ripoti inayoruka kutoka zege hafifu mpaka "fundi ni mwizi" imetoka katika ufundi na kuingia katika matusi.

MAHAKAMA HAIFUNGWI NA MTAALAMU

Wenzetu wengine wakiona karatasi yenye muhuri hukata tamaa. Wasikate. Iko kesi ya Edinburgh, nchini Scotland, iliyoripotiwa mwaka 1953. Mji ulikuwa ukichimba mfereji wa maji machafu kwa baruti, na mama mmoja akalalamika kuwa nyumba yake imepasuka. Mtaalamu wa mji alisema baruti haikuweza kufanya hivyo. Mawakili wa mji wakadai kuwa mtaalamu huyo hakupingwa na mtaalamu mwingine, kwa hiyo lazima mahakama imfuate. Majaji wakakataa. Walisema kazi ya mtaalamu ni kutoa vipimo na sababu ili mahakama yenyewe ipate kuamua. Mahakama za Afrika Mashariki nazo hufuata msimamo huo.

Maana yake kwetu ni hii: kibarua aliyechanganya zege na kuhesabu mifuko ya simenti naye ni shahidi. Ripoti na watu waliokuwapo vyasikilizwa pamoja.

TUFANYE NINI?

Kabla ya kazi, andikeni mapatano, hata katika daftari la shule: nani ananunua vifaa, msingi una kina gani, malipo ni lini. Wote watie sahihi. Wekeni risiti. Pigeni picha za msingi kwa simu kabla haujafukiwa, kwa maana mtaalamu hawezi kuuona tena ila kwa kuchimba.

Ugomvi ukitokea, msibomoe wala kuziba ufa kabla haujapimwa. Tieni alama ya kalamu kwenye ncha zake, na tarehe. Ukiendelea kukua, alama itaonyesha. Mwiteni mwenye nyumba awepo wakati wa kupima. Pande mbili zikikubali mtaalamu mmoja, gharama hugawanyika. Na kama deni ni dogo kuliko ada ya mtaalamu, jaribuni suluhu kwanza.

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza. Msiipeleke kabla hamjaelezwa yote kwa Kiswahili. Mtaalamu akubali pia kuja kuhojiwa, maana karatasi haijibu maswali. Ombeni hakimu aje kuona mahali penyewe.

Mfanyakazi aliyenyimwa mshahara na aanze kwa afisa wa kazi wa wilaya. Aliyechukua kazi kwa mkataba huenda mahakamani. Mkimbizi naye asiogope: Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 16, unampa haki ya kufika mbele ya mahakama.

Wenzetu wa mashambani mnaokaa katika nyumba za mwajiri, neno hili lawahusu. Mtaalamu wa mwajiri akija kukagua ukuta, tembeeni naye, mwonyesheni kila ufa, ombeni aandike. Na aliyeumia kazini, hata kwa kuangukiwa na ukuta, asingoje ripoti ya injinia. Sheria ya fidia ya mwaka 2000 haimtaki athibitishe uzembe wa mwajiri. Mtaalamu wake wa kwanza ni daktari wa kupima jeraha.

Tukumbuke: mtaalamu hupima alichoonyeshwa. Kilichofukiwa, kilichozibwa na kisichoandikwa hawezi kutusemea. Basi tuanze kuandika na kutunza leo, ukuta ungali mzima.