Mwaka Mpya: Kupumzika Si Kujificha

Sisi watu wa pwani tunazo Siku za Mwaka zetu. Mwaka wa Kiislamu waanza Muharram, nao hutangulia siku kumi na moja hivi kila mwaka wa Kizungu upitapo. Mwaka wa Waswahili ni wa mwezi wa Julai, na huko Makunduchi, Unguja, wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili chuki za mwaka uliopita ziishie uwanjani. Lakini mimi naishi Tuwan, mtaa wa mji wa Kitale, na huku bara mwaka wenye nguvu ni huu wa Januari.

Sababu yake ni mahindi. Katika kaunti ya Trans Nzoia mahindi hupandwa mvua za Machi na Aprili zinapoanza, na huvunwa tangu Oktoba hata Desemba. Januari ni kiangazi. Mchana jua ni kali, na usiku baridi ya Mlima Elgon humwingia Mpwani mpaka mifupani. Mahindi yamekwisha kupukuchuliwa na jembe limewekwa pembeni. Basi hapo ndipo watu hupata nafasi ya mambo yote yaliyolazwa kiporo: posa, harusi, vikao vya ukoo, michango, na safari za kuwaona jamaa. Jirani zangu wengi kwao ni upande wa Bungoma, na mwezi huo magari hayaachi kuleta wageni. Tena ndio mwezi wa kufungua shule na kulipa karo, hata vijana wameupa jina la Njaanuari.

Mwaka mmoja nilifika tarehe mosi nimechoka hoi. Desemba nzima sikulala usingizi wa maana. Leo arusi, kesho matanga, kesho kutwa kikao kisichokwisha hata usiku wa manane. Nikajiambia, "Wiki hii sitoki, wala sipokei mtu." Nikafunga mlango, na binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, nikampa maagizo: akija mtu yeyote, amwambie baba hayuko.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, nikasikia hodi. Sauti niliijua. Alikuwa mzee mmoja wa Kibukusu, mjane, aishiye nyumba ya tatu kutoka kwangu. Dini yake si yangu, lakini kila asubuhi hunisalimu "Mulembe", nami humjibu vivyo hivyo, kwa kuwa neno lile kwao ni amani kama salamu yetu ilivyo. Nilijua akikaa haondoki. Nikajigeuza kitandani. Binti yangu akafanya alivyoagizwa.

"Baba hayuko, babu."

"Haya, mjukuu wangu," mzee akasema, akaenda zake.

Usiku ule nilisikia kelele za watu nje. Mzee alikuwa ameanguka mlangoni pake, kifua kimembana. Vijana wakamkimbiza hospitali, na kwa rehema ya Mola akapona. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mchana ule hakuja kupiga soga. Alikuja kuniomba nimsindikize kwa daktari, kwa sababu alijiona hajiwezi kwenda peke yake.

Lakini lililonichoma zaidi lilitoka nyumbani mwangu. Binti yangu alinitazama, akasema kwa upole, "Baba, lakini ulikuwapo." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetafuta usingizi, nikamfunza mtoto uongo.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimelifikiri sana jambo hili, na nimeona kosa langu halikuwa kupumzika. Mwili una haki yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe, na mgeni wake pia. Tazama vile haki hizo zilivyotajwa pamoja, mwili na mgeni katika mazungumzo mamoja. Haikusemwa mmoja amle mwenziwe.

Tena dini haikutuacha bila saa. Katika Surat An-Nur zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa nyumbani huamrishwa kutaka ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya isha. Na Mtume alichukia kulala kabla ya isha na mazungumzo baada yake. Vikao vyangu vya Desemba vya usiku wa manane vilikuwa vimekwisha kuivunja hesabu hii zamani, ndipo Januari nikataka kuulipa mwili deni lote kwa mkupuo mmoja.

Na mlango je? Katika sura iyo hiyo twaambiwa tukiambiwa turudi, turudi, na kwamba hilo ndilo safi zaidi kwetu. Maana yake mwenye nyumba anayo ruhusa ya kusema, "Nimelala, ukipenda rudi alasiri, ila kama kuna dharura niamshe." Hayo ni maneno ya kweli, na mtoto aweza kuyasema bila haya. Lau binti yangu angeyasema siku ile, mzee angesema shida yake.

Hapo nikakumbuka baraza za kwetu. Nyumba ya pwani ina kibaraza cha mawe mlangoni, na wazee wetu hawakukijenga kwa urembo tu. Baada ya alasiri mzee huketi pale na kahawa yake chungu. Amepumzika, na watu wamemwona. Apitaye humsalimu, mwenye haja huieleza, na yule asiyeonekana siku mbili huulizwa. Mgeni hapikiwi karamu, wala nyumba haifadhaiki. Vyumba vyetu vya Tuwan havina baraza. Mlango ukiwa wazi mtu yumo ndani mwako, ukifungwa umeukata ulimwengu.

Basi nilinunua ubao kwa seremala, nikatengeneza benchi, nikaliweka nje. Sasa kila Januari ratiba yangu yajulikana mtaani. Adhuhuri nalala kidogo, na hodi ya wakati huo hupewa jibu la kweli. Alasiri naketi nje mpaka karibu na magharibi. Kikao cha usiku nahudhuria, lakini baada ya isha nataka radhi narudi kulala. Wengine walinung'unika mwanzoni, sasa wamezoea.

Wa kwanza kuketi juu ya benchi lile alikuwa yule mzee, ametoka hospitali na fimbo mkononi. Nilimwomba radhi, nikamweleza kweli yote. Akacheka, akasema, "Nilijua upo. Viatu vyako vilikuwa mlangoni."

Kisha akamwita binti yangu aje aketi kati yetu.