Usimamizi wa Miradi ya Kompyuta: Elimu Inayomhusu Askari

Kuna dhana iliyoenea makambini na katika vituo vya polisi kwamba mambo ya kompyuta ni ya mafundi peke yao, na kwamba kazi ya kamanda ni kutia saini na kungoja mitambo iletwe. Dhana hiyo ina gharama kubwa. Ndiyo maana vyuo vikuu vingi duniani hufundisha usimamizi wa miradi ya teknolojia ya habari katika ngazi ya shahada ya uzamili, na ndiyo maana afisa aliye na shahada ya kwanza hana budi kuifikiria elimu hiyo, hata kama hajapata kuandika programu maishani mwake.

Elimu hii haimfundishi mtu kutengeneza kompyuta. Humfundisha jinsi ya kuuliza kwa usahihi ni nini kinachohitajika, kuandika mkataba usioacha mianya, kupima maendeleo ya kazi isiyoonekana kwa macho, na kutambua mapema kwamba mambo yanakwenda kombo. Ukuta wa boma ukijengwa upogo, kila apitaye huuona. Programu iliyojengwa upogo aghalabu haionekani hadi siku ya kukabidhiwa.

Askari asidhani kwamba somo hili ni geni kwake, kwani zana zake nyingi zilizaliwa au kukomaa katika kazi za ulinzi. Michoro ya Henry Gantt, inayoonyesha kila kazi na muda wake kwa mistari, ilitumiwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza katika kusimamia utengenezaji wa silaha na meli. Mwaka 1958 Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo lilibuni utaratibu wa PERT ili kuratibu ujenzi wa makombora ya Polaris. Mwaka 1967 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikatoa vigezo 35 vya kuwapima makandarasi wake, na humo ndimo ulimokomaa utaratibu wa kupima thamani ya kazi iliyokwisha fanyika.

Utaratibu huo wa mwisho unastahili kuelezwa kwa mfano. Tuseme vituo kumi vya polisi vinatakiwa kuunganishwa kwa kompyuta katika miezi kumi, kwa shilingi milioni 100. Miezi mitano imepita, na milioni 50 zimetumika. Karani wa fedha atasema kwamba mambo ni shwari. Mwanafunzi wa somo hili atauliza ni vituo vingapi vimeunganishwa. Vikiwa vitatu, basi kazi yenye thamani ya milioni 30 imegharimu milioni 50, na kwa mwendo huo mradi mzima utameza takriban milioni 167. Kamanda aliyeletewa hesabu ya karani hujua habari hii fedha zikiwa zimekwisha.

Katika mikasa inayochambuliwa katika fani hii, hakuna unaowahusu polisi kuliko ule wa Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI. Hadi mwaka 2001 mpelelezi wa shirika hilo aliandika taarifa yake kwenye karatasi, akaipeleka kwa mkubwa wake itiwe saini, kisha makarani wakaiingiza katika mtambo uliokuwa umepitwa na wakati. Baada ya mashambulio ya Septemba 11 mwaka huo, picha za washukiwa zilibidi zitumwe kwa njia ya posta, kwa kuwa hazikuweza kupelekwa kwa kompyuta. Haja ilikuwa wazi, fedha zilikuwapo, na kampuni ya SAIC ilikuwa imekwisha pewa kazi ya kutengeneza programu ya kuhifadhi majalada ya kesi.

Mwaka 2005 programu hiyo ilitupwa. Dola milioni 170 zilikuwa zimetumika, na hakuna jalada hata moja la nchi nzima lililokuwa likiendeshwa nayo.

Kwa nini? Wakaguzi waliochunguza hawakulaumu kompyuta. Waligundua kwamba mahitaji hayakupata kuainishwa barabara tangu mwanzo, na yalikuwa yakibadilika kazi ikiendelea. Waraka wa mahitaji ulizidi kurasa 800, ukieleza hata mahali pa vitufe kwenye kioo, ilhali maswali makubwa yalibaki bila majibu. Katika muda wa mradi, wakuu wa teknolojia ya habari walibadilishwa mara kwa mara hata wakafikia watano, na wasimamizi wa mradi wakafikia kumi. Hapa sisi askari hatuna budi kutulia kidogo, maana uhamisho ni desturi yetu. Tena ilikusudiwa kwamba siku moja mtambo wa zamani uzimwe na mpya uwashwe nchi nzima, pasipo njia ya kurudi nyuma. Kamanda gani angeingia vitani bila mpango wa kurudi nyuma?

Mradi wa pili, ulioitwa Sentinel, ulianza mwaka 2006 chini ya kampuni ya Lockheed Martin. Kufikia Agosti 2010 ulikuwa umetumia dola milioni 405 kati ya milioni 451 zilizotengwa, na ni awamu mbili tu kati ya nne zilizokuwa zimekabidhiwa. Ndipo FBI ikaichukua kazi yenyewe, ikapunguza watu badala ya kuwaongeza, na kuigawa kazi katika mizunguko ya majuma mawili mawili, kila mzunguko ukiishia kwa kipande cha kuonyeshwa na kujaribiwa. Mtambo ulianza kutumika Julai 2012.

Kupunguza watu kutamshangaza afisa aliyezoea kuongeza kikosi pale mapambano yanapokuwa magumu. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa za kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliokwisha chelewa huuchelewesha zaidi. Wageni huhitaji kufundishwa, na wa kuwafundisha ni wale wale waliokuwa wakifanya kazi. Hili ndilo somo ambalo mwanajeshi hulipokea kwa shida kuliko yote, nami nathubutu kusema kwamba ndilo lenye faida kuliko yote.

Lipo na lingine. Katika mradi wa kompyuta habari mbaya lazima ipande juu upesi. Sajini anayejua kwamba programu haifanyi kazi, lakini akamjibu mkubwa wake "Ndiyo, afande", hajatii, ameficha. Jeshi la Anga la Marekani liliachana na mradi wake wa kusimamia vifaa mwezi Novemba 2012, baada ya kutumia zaidi ya dola bilioni moja. Ilikadiriwa kwamba dola nyingine bilioni 1.1 zingeleta robo tu ya kilichokusudiwa, tena si kabla ya mwaka 2020.

Anayetaka kujiunga na masomo haya kwa kawaida hudaiwa shahada ya kwanza, na vyuo vingine hutaka pia uzoefu wa kazi. Masomo ya jioni au ya mwisho wa juma yanamfaa afisa asiyeweza kuruhusiwa kuondoka kikosini, ingawa zamu za usiku zitamsumbua. Mwishoni huandikwa tasnifu, na hapo ndipo uchaguzi wa mada unapohitaji busara. Usajili wa vifaa katika bohari, orodha ya magari na matengenezo yake, au kitabu cha matukio cha kituo ni mada ndogo zinazoweza kukamilishwa. Mwandishi aombe kibali cha kamanda wake kwa maandishi kabla ya kukusanya habari yoyote, na aiache nje ya tasnifu idadi halisi ya silaha, majina ya watu na mahali pa vikosi, kwa kuwa tasnifu huwekwa maktaba na yeyote aweza kuisoma.