Si Kila Mbaruti ni Gugu

Katika nchi kame za kusini-magharibi mwa Marekani, hususan Arizona, Nevada na New Mexico, huota mbaruti wa asili uitwao kwa jina la kisayansi Cirsium neomexicanum. Mmea huu ni wa jamii moja na alizeti. Kwa kawaida, mwaka wa kwanza hutandaza majani yake chini kwa mduara. Baadaye hutoa shina liwezalo kupita meta 2, huchanua maua meupe au ya zambarau hafifu, hutoa mbegu, kisha hufa.

Vinyweleo vyeupe vya majani hurudisha sehemu ya mwanga wa jua na kupunguza upotevu wa maji. Miiba nayo huwazuia wanyama walao majani. Hata hivyo, mmea unaochanua mara moja tu hutegemea mbegu zake, nazo hazilindwi na miiba dhidi ya wadudu.

Mwaka 1969 fukusi wa Ulaya, Rhinocyllus conicus, waliachiliwa Marekani ili kupunguza mibaruti ya kigeni iliyoharibu malisho. Mabuu ya fukusi hao hula mbegu ndani ya ua. Mwaka 1997 Svata Louda na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba fukusi walikuwa wakishambulia pia mibaruti ya asili ya aina ya Cirsium.

Basi, kabla ya kuleta adui wa gugu, yapasa kuchunguza kwanza iwapo hatawala pia jamaa za gugu hilo.