Sili wa Baharini na Fisi-Maji wa Mito ya Kakamega

Katika bahari zenye maji ya baridi huishi mnyama aitwaye sili. Sili si samaki, ingawa umbo lake lafanana na la samaki. Ana damu ya moto, huvuta pumzi kwa mapafu, na humnyonyesha mtoto wake. Miguu yake imekuwa mapezi, na chini ya ngozi yake mna tabaka nene la mafuta limkingalo na baridi. Azamapo, matundu ya pua yake hufungika. Wako sili wa bahari ya kusini wawezao kukaa chini ya maji kwa muda upitao saa nzima. Lakini wakati wa kuzaa sharti wapande nchi kavu au juu ya barafu. Katika Afrika, makundi makubwa ya sili huonekana katika pwani za Namibia na Afrika ya Kusini.

Mwenyeji wa Kakamega hana haja ya kusafiri hata huko ili kumwona mnyama wa nchi kavu aliyejizoeza maji. Na aamke alfajiri, aende ukingoni mwa mto Isiukhu au Yala, akae kimya. Akibahatika atamwona fisi-maji.

Jina hili huwapotosha watu. Fisi-maji si fisi hata kidogo, wala si sili. Ni wa jamii moja na nyegere, yule mla asali. Manyoya yake ni ya rangi ya kahawia, na mashavu na koo ni meupe. Mkubwa aweza kuwa na uzito wa ratili thelathini au zaidi, na urefu wake, pamoja na mkia, hukaribia futi tano. Jambo la ajabu ni mikono yake: vidole vya mbele havina kucha wala utando, naye huvitumia mfano wa mtu apapasaye gizani. Huvipitisha chini ya mawe na ndani ya matope akitafuta chakula asichokiona, na sharubu zake ndefu humsaidia.

CHAKULA CHAKE NI KAA

Watu wengi hudhani kwamba fisi-maji hula samaki tu. Hivyo sivyo. Chakula chake kikubwa ni kaa wa mtoni, ambao huwavunjavunja kwa magego yake mapana. Tena hula vyura, wadudu na samaki. Atakaye ushahidi na atazame kinyesi chake juu ya mawe ya ukingoni: kimejaa vipande vya magamba ya kaa. Katika Ziwa Victoria yuko fisi-maji mwingine, mdogo zaidi, mwenye madoa shingoni na utando miguuni. Huyo ndiye mvuvi hasa, na pengine wavuvi wamemwona karibu na nyavu zao.

Kaa hao wa mtoni wana habari yao pia. Zamani watu wa sehemu za Kakamega na Kaimosi walisumbuliwa na usubi, nzi mdogo aletaye upofu. Kwa muda mrefu haikujulikana watoto wa nzi huyo walikua wapi, mpaka mwaka 1950 wataalamu walipowakuta wameng'ang'ania magamba ya kaa. Dawa ya DDT ilitiwa mitoni, na nzi huyo aliangamizwa katika Kenya.

UGOMVI WA MABWAWA

Tangu mwaka 2009, serikali ilipowasaidia wakulima kuchimba mabwawa ya samaki, fisi-maji amepata maadui wapya. Bwawa lililo karibu na mto, lisilo na ua, kwake ni meza iliyoandaliwa. Mkulima ana haki ya kukasirika apotewapo na samaki wa miezi mingi. Lakini mtego si dawa: uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977, na fisi-maji mmoja akiuawa, mwingine aweza kuja mahali pake. Afadhali kulizungushia bwawa wavu wa chuma ulioshindiliwa ardhini, maana mnyama huyu huchimba, na kupeleka malalamiko kwa maofisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya.

Tena magugu na miti ya ukingoni isifyekwe hadi majini. Huko, chini ya mizizi, ndiko jike azaliako watoto wake, baada ya mimba ya miezi miwili hivi. Ukingo ukilimwa, udongo huporomoka na kuyafukia mawe wanamojificha kaa, naye fisi-maji akosaye kaa mtoni atatafuta chakula chake bwawani.