Boma la Mwami Msiri na kichwa ambacho hakijarudi Bunkeya

Kila tarehe 20 Desemba, Wayeke wa Lubumbashi wanashika barabara ya Likasi na kuendelea mpaka Bunkeya, kumkumbuka Mwami Msiri siku aliyouawa. Tangu 2015 Bunkeya imo katika jimbo la Lualaba, lakini kwa familia nyingi za Lubumbashi bado ndiko nyumbani.

Kabla Lubumbashi haijazaliwa, mji mkubwa wa eneo hili ulikuwa huo. Msiri, aliyeitwa kwanza Ngelengwa, alitoka Usumbwa, Tanzania ya leo, akifuata njia ya shaba ya baba yake, Kalasa. Misafara ya pembe za ndovu, shaba na watumwa ilifika bomani kwake kutoka pande za bahari zote mbili, ya Hindi na Atlantiki. Hakuwa mpole. Mafuvu ya maadui yalitundikwa kwenye miti ya boma, na Wasanga waliochoka naye walimwasi.

Desemba 1891 ukafika msafara wa Stairs, kwa ajili ya Leopold II, wabebaji na askari wake wengi wakiwa watu wa Zanzibar. Msiri alikataa bendera yao. Kapiteni Omer Bodson akampiga risasi, naye pia akapigwa na kufa siku hiyohiyo. Kisha kichwa cha Mwami kikakatwa.

Boma nalo likafa. Njaa ilikuwa kali, watu wakatawanyika. Mukanda Bantu, mwana aliyerithi kiti, alihamia karibu na kituo cha Wazungu cha Lofoi, na Wayeke walirudi Bunkeya baada tu ya kifo chake, mwaka 1910. Karibu miaka 20, mji uliotawala Katanga ulikaa bila mwami. Mwaka huohuo wa 1910, Wabelgiji walianza kujenga Elisabethville.

Mwili wa Msiri ulizikwa bila kichwa. Fuvu la Lusinga, chifu wa Watabwa aliyeuawa 1884 kwa amri ya Émile Storms, linajulikana lilipo: Brussels. Kuhusu la Msiri yamebaki masimulizi: kwamba lilibebwa ndani ya debe, na kwamba kila aliyelibeba alikufa. Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria Chinde, Msumbiji, Juni 1892, akiwa njiani kurudi kwao.